Bizimu la Baba wa Rafiki Yangu

Ningeweza kukataa. Rafiki yangu aliponiwekea mkononi bizimu la mkanda wa marehemu baba yake, mbele ya wageni waliokuja kumuaga yeye anaporudi Kenya, akaniomba niwaeleze ni la vita gani, ningemwambia aniletee dukani kesho yake nilitazame kwa utulivu. Hakuna ambaye angeona ubaya. Badala yake nilifuta vidole kwa karatasi, nikatoa kioo changu cha kukuzia mfukoni, nikakubali.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kutazama vitu vya zamani na kusema ni vya lini. Nilikuja Dubai nikiwa mlinzi wa usiku, na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha, kama Wakenya wengi tuliokuja. Lango nililolinda lilikuwa karibu na duka moja la Deira, kwenye vichochoro vya nyuma ya maduka ya jumla, ambako mwenye duka aliuza majambia, madele ya kahawa, sarafu, na masanduku yaliyojaa beji na mabizimu ya majeshi ya Waingereza. Nyingine ziliachwa na askari waliokaa pwani hii kabla nchi haijaungana, nyingine zilitoka India na Uingereza kwa magunia. Mwenye duka ni mzee wa Kizanzibari aliyeletwa hapa na wazazi wake angali mdogo, na Kiswahili chake bado ni cha Unguja mjini. Asubuhi nilipomaliza zamu nilipenda kusimama mlangoni kwake nikitazama. Siku moja akaniita ndani.

"Wewe kila siku wasimama hapo kama umenikopesha," akasema. "Njoo ukae, unisaidie kuchagua hizi."

Baadaye akawa kafeel wangu, mdhamini wa visa yangu, nikaacha ulinzi. Sijatoka duka hilo mpaka leo.

Mambo niliyofunzwa mle si mengi, ila yanataka subira. Beji ya kweli iligongwa kwa nguvu kwenye bati jembamba la shaba, kwa hiyo mgongo wake una shimo pale ambapo uso wake una kilima. Ya bandia mara nyingi imesubiwa, shaba ya moto ikimiminwa kwenye kalibu, na mgongo wake ni tambarare, una vitundu vidogo kama uso wa mkate. Unatazama vishikizo vya nyuma, kama ni pete mbili au ulimi mmoja wa kuchomeka kwenye kofia, na kama vimechomelewa zamani au juzi. Unatazama pembe ambazo kitambaa hakifiki, maana uchafu wa zamani hukaa humo na ni mgumu kuigiza. Halafu unatazama taji.

Taji ndilo linalosema mengi kwa haraka. Wakati wa wafalme wa vita vikuu vyote viwili vya dunia, matao ya taji kwenye beji yalipanda juu yakakutana kama paa la mviringo. Alipokuja malkia, taji lilibadilishwa, matao yakawa yanabonyea katikati, kama mto wa kulalia uliokaliwa. Mtu akishajua tofauti hiyo anaweza kukaa na sanduku zima na kugawa mafungu mawili huku anakunywa chai. Siku hizi limeingia tatizo jipya, kwa sababu mfalme wa sasa amerudisha lile taji la mviringo, na viwanda vinagonga beji mpya ambazo mtu mgeni atadhani ni za vita. Lakini kwa vitu vilivyochakaa kanuni bado ni ile ile.

Mwenye duka alikuwa na kanuni moja juu ya hizo zote. Nikimwambia hii ya mfalme, hii ya malkia, yeye hunikata.

"Usinambie uso. Uso umeshikwa na kila mtu. Geuza kwanza, nambie mgongo, kisha useme."

Nilikuwa nageuza. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hiyo naweza kusema nilikuwa nageuza, isipokuwa siku ile.

Rafiki yangu na mimi tuliwasili Dubai karibu wakati mmoja, na kampuni ilitupanga chumba kimoja na kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Mimi ni Mkamba wa Machakos, yeye alitoka upande wa Nyeri. Nilijua kukoroma kwake kabla sijajua jina la baba yake. Yeye alibaki kwenye ulinzi akapanda cheo, akawa msimamizi wa walinzi katika mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, mtu wa suti na redio ambaye hata madam wa ghorofa ya juu alimwita sir kwa utani. Tulipokuwa na siku ya mapumziko alikuja Deira kwa metro au mimi nikaenda kwake, na tukaongea habari za kurudi nyumbani. Mke wangu alifariki nikiwa huku, na watoto wangu wana maisha yao. Mpango wetu ulikuwa kwamba yeye atangulie, na mimi nikimaliza nikakae karibu naye kwanza, nione kama baridi ya kwao itaniua.

Alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya mawe. Pia alikuwa ameagiza jiwe la kaburi la baba yake, liandikwe kwamba alikuwa askari wa Bama. Hilo lilikuwa fahari ya ukoo wao. Baba alipanda meli hadi Bama katika vita vya pili vya dunia, akapigana na Wajapani, akarudi na bizimu la mkanda, akawa analisugua kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Alipokufa, mama aliendelea kulisugua. Bizimu lenyewe lilikuwa la shaba, na katikati yake palikuwa na kisahani chembamba kilichogongwa taji na shada la majani. Fundi wa viatu wa kwao alilishona juu ya kipande cha ngozi miaka mingi iliyopita ili lisikwaruze nguo, ngozi ikafunika mgongo wote.

Kuagwa kwake kulikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada, katika fleti ya muumini mwenzake kule Al Barsha. Viti vilikopwa kwa majirani. Palikuwa na chapati, kuku, na mukimo uliopikwa na dada mmoja wa kijiji chao anayefanya kazi hotelini. Rafiki yangu alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alilitoa bizimu kwenye leso akalipitisha, kila mtu akalishika. Kisha akanionyesha kwa kidole.

"Huyu mnayemwona, ukimpa kifungo cha shati atakwambia ni cha babu ya nani."

"Atafute changu basi," akasema yule dada wa hotelini. "Kilipotea tangu Krismasi na madam anadhani nimekula."

Watu wakacheka. Rafiki yangu akaniletea bizimu.

"Mzee, waambie. Waambie hiki ni kitu cha vita gani."

"Niache nile kwanza."

"Wacha maringo. Kila siku unawaambia Wazungu, leo tuambie sisi."

Nilifurahi. Siwezi kuficha hilo. Mtu aliyekaa nchi za watu akifungua milango na kubeba masanduku hapati mara nyingi chumba kizima kikinyamaza ili yeye aongee. Nilitoa kioo. Nilitazama taji, na nikaona matao yamelala katikati. Nilijua siwezi kugeuza bila kukata uzi wa ngozi, na nilijua kumwomba kisu mbele ya wageni kungeharibu mambo. Ningeweza kusema, sina hakika mpaka nione mgongo. Neno hilo lilinifika mdomoni nikaona aibu kulisema.

"Hili ni taji la malkia," nikasema.

"Malkia, mfalme, si wote ni Wazungu?" akasema rafiki yangu, bado anacheka.

"Si sawa. Bama ilipiganwa wakati wa mfalme. Malkia alikuja baadaye. Bizimu hili limetoka baada ya Bama."

"Baada vipi?"

"Miaka ya hamsini."

Kwetu Ukambani maneno hayo hayana uzito. Ami yangu alikuwa askari miaka hiyo hiyo, na sisi watoto tuligombania kusugua vifungo vyake kwa jivu na limau. Askari alikuwa askari, alikuwa na buti na mshahara, hakuna aliyeuliza mwaka. Ndiyo maana nilisema miaka ya hamsini kama mtu anayetaja saa. Sikukumbuka niko kati ya watu wa wapi. Kwao miaka hiyo ndiyo ya Imajensi, Waingereza walipopigana na wapigania uhuru. Walioingia msituni waliingia miaka hiyo, na waliowekwa kizuizini waliwekwa miaka hiyo, na mtu wa kwao aliyevaa mkanda wa serikali wakati huo ana jina lake, homugadi, mlinzi wa Waingereza dhidi ya watu wake, na jina hilo halijafutika. Watu bado wanajua ni boma lipi lilimtoa.

Yule dada aliweka sahani chini.

"Babu yangu alichukuliwa miaka hiyo," akasema, bila kumtazama mtu. "Kumbe baba yake huyu hakuwa Bama. Alikuwa kwetu."

Rafiki yangu alinyoosha mkono akachukua bizimu kutoka kwangu, akalifunga kwenye leso.

"Kula chapati, dada," akasema. "Zinapoa."

Nilimwona mwenye fleti akienda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari. Maombi ya kumuaga yaliombwa, yakawa mafupi. Rafiki yangu alinisindikiza mpaka stesheni ya metro, na kwenye kivuli cha daraja akasimama.

"Una hakika?"

Hapo nilipewa nafasi ya pili. Hapakuwa na mtu mwingine pale, hakuna wa kumwonea haya.

"Taji halidanganyi," nikamwambia.

Nimeyafikiria sana maneno hayo tangu siku hiyo. Hata kama taji lingekuwa la malkia, lingesema kitu kimoja tu, kwamba shaba ile iligongwa baada ya yeye kutawazwa. Askari walibadilishiwa mikanda. Wengine walirudi kutoka Bama wakaendelea na jeshi, wengine walinunua bizimu sokoni kwa sababu la kwao lilipotea. Shaba haijui aliyeivaa alisimama wapi wala alimfanya nini nani. Dukani nilikuwa nawaambia wateja hivyo kila wiki. Mtalii akiuliza, je, aliyevaa hii aliua watu? namjibu, sir, mimi najua beji, simjui mtu. Rafiki yangu sikumpa hata jibu la mtalii.

Alikuja dukani siku chache kabla ya kuondoka. Alikuwa amepungua uso. Dada yake alikuwa amepiga simu kutoka nyumbani kumuuliza ni maneno gani haya yanayozunguka, maana yalifika kijijini kabla yake. Naye akampigia mama.

"Nilimuuliza tu," akaniambia. "Nilimuuliza, mama, baba alikuwa wapi wakati wa Imajensi."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza nani amenituma. Halafu akampa dada simu."

Akaweka leso mezani.

"Weka na yale mengine. Uza, tupa, ni yako."

"Hiki ni kitu cha baba yako."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema.

Mwenye duka alimpa chai na akakataa kuuliza chochote, kama ilivyo desturi yake mbele ya mgeni. Rafiki yangu alikunywa nusu, akaondoka. Sikumsindikiza uwanja wa ndege. Alisema ndugu wa kanisani watampeleka.

Bizimu nililitia kwenye droo ya vitu vya kutengenezwa, chini kabisa. Lilikaa humo msimu wote wa joto. Mwenye duka alilipata alipokuwa anatafuta koleo.

"Hili umelificha kwa nini?"

"Ni la yule rafiki yangu. La malkia."

"Umetazama mgongo?"

"Limeshonwa."

"Limeshonwa na kisu kipo." Akanisogezea. "Haya, bwana. Kata."

Nilikata uzi mmoja mmoja. Ngozi ilikuwa imekauka, ikatoka na vumbi la kijani na harufu ya mafuta ya kale. Nyuma ya kile kisahani shimo la taji lilikuwa jipya kama siku liliyogongwa, kwa sababu hakuna mkono uliowahi kulifikia. Matao yalipanda yakakutana juu. Lilikuwa taji la mfalme. Nililiweka chini ya taa, nikalichukua tena, nikalipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua, na lilikuwa la mfalme kila mahali.

Niligeuza uso. Sasa niliona nilichopaswa kuona siku ile. Sehemu ya katikati ya matao ndiyo ya juu kuliko zote, na kitambaa hugusa hapo kwanza. Baba alisugua kila Jumapili, mama akasugua baada yake, na kidogo kidogo kilele kikaisha, paa likabonyea. Mapenzi yao kwa kile kitu ndiyo yaliyokibadilisha sura, na mimi nikayasoma kama ushahidi dhidi yao. Tatizo hilo lenyewe nalijua. Nimewahi kumrudishia muuzaji mmoja wa Kihindi fungu zima la beji zilizosuguliwa, nikamwambia hizi huwezi kuzisoma usoni.

"La mfalme," akasema mwenye duka. Akanitazama kidogo. "Ulimwambia nani kuwa la malkia?"

"Watu."

"Wengi?"

"Chumba kizima."

Alikwenda kuteleka chai.

Nilimpigia rafiki yangu jioni hiyo hiyo. Alipokea, na nyuma yake nilisikia kuku na mtu anayepasua kuni. Nilimweleza yote, ngozi, mgongo, kusugua. Nilimwambia baba yake alivaa mkanda wa wakati wa mfalme kama walivyosema siku zote, na kosa ni langu. Nyuma yake kuni ziliendelea kupasuliwa.

"Unanisikia?" nikauliza.

"Nakusikia. Uliongea mbele ya watu, sasa unaninong'oneza kwenye simu."

"Nitawapigia wote. Mmoja mmoja."

"Utawaambia nini? Waliamini kwa sababu ni wewe ulisema."

Akaniambia mama yake hajaingia ile nyumba ya mawe. Anakaa kwa binti yake. Alisema hawezi kulala kwenye nyumba ya mtu anayemuuliza mume wake alikuwa nani. Jiwe la kaburi limewekwa, lina jina na msalaba, yale maneno ya Bama hayapo, kwa sababu yeye mwenyewe alimwambia fundi aache.

"Mwambie mama kwamba nimekosea mimi," nikasema.

"Mama hana neno na wewe, mzee. Wewe hakukuzaa. Mimi ndiye niliyeuliza."

Nilisema nitamtumia bizimu kwa mtu anayesafiri. Akasema nisitume.

"Khalas," akasema, kwa lile neno letu la huku, la kumaliza mambo na dereva wa teksi, akakata.

Nilifanya nilichoahidi. Niliwapigia waliokuwa kwenye fleti ile, niliowapata. Wengi walisema sawa, mzee, haina shida, kwa sauti ya watu walio kazini. Yule dada wa hotelini nilimfuata mwenyewe Al Barsha, nikamsubiri atoke zamu, nikamwonyesha mgongo wa bizimu kwa kioo. Alitazama kwa adabu.

"Siku ile ulisema malkia," akasema. "Leo unasema mfalme. Mimi sijui kusoma shaba, mzee. Huko nyumbani niliwaambia la kwanza. La pili nitawaambia, lakini unajua lipi watashika."

Nilijua. Bizimu nilimpa mmoja wa waumini aliyekuwa anasafiri, ingawa nilikatazwa. Lilirudi kwa mkono wa mtu mwingine likiwa ndani ya leso mpya. Nimempigia rafiki yangu tena mara nyingi. Mwanzoni simu ililia bila kupokelewa, kisha ikawa hailii kabisa kutoka kwa namba yangu. Mama yake, nasikia, bado yuko kwa binti yake.

Mwenye duka ananiuliza mara moja moja nitarudi lini nyumbani, kwa sababu visa ya mtu wa umri wangu ina usumbufu. Namjibu inshallah. Sina jibu lingine. Mtu niliyepanga kurudi kwake alikuwa mmoja tu, na kwa sababu sikutaka kusema sijui mbele ya watu, sinaye tena.